TRELA NZITO, MOTOKAA NYEPESI: NANI ALIPE?



Tangu lami mpya ishike barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, sisi madereva tumepata raha, na ndani ya raha hiyo tumepata hatari ambayo haizungumzwi ofisini. Raha kila mtu aiona. Safari ya kilomita 120 hivi, ambayo siku za mashimo ilikula mchana wote na kuvunja springi, sasa yaisha asubuhi moja. Hatari yenyewe iko nyuma ya motokaa, katika kitu tunachokikokota.

Wazee wa kazi hii wakumbuka kwamba lami ya kwanza ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, kisha ikaachwa ikafa vipande vipande. Miaka ile ya kufa kwake mashimo ndiyo yaliyokuwa polisi wetu. Trela iliyofungwa vibaya, ikivutwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa juu ya mawe, haina nafasi ya kuyumba. Itapiga kelele, itakata boliti, lakini haitamtupa mtu porini. Trela ile ile, na pikapu ile ile, leo zakimbizwa kilomita 90 kwa saa juu ya lami iliyonyooka kama uzi. Barabara imebadilika, vyombo havikubadilika, wala mawazo ya wale watupangiao safari hayakubadilika.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema bila kuficha: makosa mengi ya trela kuyumba hufanywa kabla injini haijawashwa, na mara nyingi si dereva ayafanyaye. Lakini trela ikianguka, karatasi ya makosa huandikwa jina la dereva peke yake.

Nitaeleza lililonipata mwenyewe. Mwajiri wangu wa wakati ule simtaji, wala haina haja. Niliambiwa nivute karavani ya ofisi, ile nyumba ya bati yenye magurudumu ambayo wapima barabara hulala na kuandikia ndani yake, niitoe Lodwar niifikishe Kakuma. Motokaa niliyopewa ilikuwa Land Cruiser pikapu, uzito wake mtupu kama kilo 2,200. Karavani tupu ilikuwa kilo 1,400. Ndani yake waliweka kabati la chuma, meza na vitu vingine vya kilo 300, vyote katikati, juu ya ekseli. Halafu, dakika ya mwisho, ikaja jenereta ya kilo 150. Mlango wa karavani uko nyuma, basi jenereta ikasukumwa ikaachwa pale pale mlangoni. Niliuliza. Nikajibiwa, “Gari hili lavuta tani tatu na nusu, wewe waogopa nini?”

Tulipopita makutano ya njia ya Lokitaung nilikuwa kwenye kilomita 85 kwa saa. Lori kubwa likaja mbele yetu kwa kasi, likatupita na upepo wake. Nikasikia mkia wa pikapu unavutwa kidogo kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Mara ya nne sikuwa tena mwenye gari. Karavani ndiyo iliyokuwa inaniendesha. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, nikakanyaga breki. Karavani ikaja ubavuni, ikalala, ikatuburuta hadi mchangani. Mimi nilitoka na michubuko. Taniboi wangu alivunjika mkono mahali pawili, na mpaka leo hawezi kuinua mtungi wa maji kwa mkono ule. Mwisho wa mwezi nilikuta mshahara umekatwa, na mwezi uliofuata vile vile, kwa “uzembe”.

Baadaye nilikaa na fundi mmoja, mtu wa kalamu na karatasi, tukapiga hesabu ya karavani ile. Hesabu hiyo nataka kila mwanachama aijue, maana si ngumu. Mwenye kuweza kugawa posho aiweza.

Kwanza uzito wote. Kilo 1,400 na 300 na 150 ni kilo 1,850. Huko Uingereza, ambako watu huvuta karavani wakati wa likizo, vyama vya wenye karavani humshauri mgeni wa kazi hii asivute uzito uliozidi asilimia 85 ya uzito wa motokaa yake, hata kama kiwanda chamruhusu zaidi. Si sheria, ni shauri la watu walioona mengi. Asilimia 85 ya kilo 2,200 ni kilo 1,870. Kwa hiyo karavani yangu ilikuwa ndani ya kipimo, kwa kilo 20. Mkubwa wa safari angeweza kusimama mbele ya hakimu akaapa kwamba uzito ulikuwa halali, naye asingekuwa mwongo.

Ubaya ulikuwa mahali pengine, kwenye shingo. Trela yenye ekseli moja ni kama mzani. Mbele ya ekseli mzigo hushuka juu ya kiungio, nyuma ya ekseli mzigo hukiinua kiungio. Wajuzi wasema shingo yapasa ikalie motokaa kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani na shehena yake. Marekani, kwa trela zao kubwa, husema 10 hadi 15. Karavani yetu kabla ya jenereta ilikuwa na kilo 100 shingoni, na hiyo ilifaa. Kutoka kiungio hadi ekseli ni mita 4. Jenereta ilikaa mita 2 nyuma ya ekseli. Kilo 150 mara mita 2, gawanya kwa mita 4, ni kilo 75 zilizoinuliwa shingoni. Zikabaki kilo 25, yaani nusu mfuko wa saruji, kushikilia karavani ya kilo 1,850. Ni kama asilimia moja na kidogo.

Jenereta ile ingaliwekwa juu ya ekseli, kilo 100 zingalibaki pale pale. Ni suala la kusogeza mzigo mita 2, kazi ya watu wanne na dakika kumi. Mkono wa taniboi ulivunjika kwa sababu ya dakika kumi. Na asiseme mtu kwamba dawa ni kuijaza mbele, kwa maana ingalikaa mita 2 mbele ya ekseli shingo ingalifika kilo 175, ekseli ya nyuma ya pikapu ingalibonyea, na magurudumu ya mbele yangalipoteza kushika njia. Mzigo mzito mahali pake ni katikati, chini, juu ya ekseli.

Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza kilijaribu mambo haya kwa motokaa na trela ya kweli, na mwaka 2009 wataalamu wake wakaandika waliyoyaona. Waliona kwamba jinsi mzigo ulivyopangwa, uzito wa shingo, na mahali pa ekseli ndiyo mambo yanayoamua kama trela itatulia ikikimbizwa. Uzito wote peke yake haukuleta tofauti kubwa kama hiyo. Vitu vizito vikiwekwa ncha mbili, mbele kabisa na nyuma kabisa, mzani waweza kuonyesha shingo nzuri na trela bado ikawa mbaya. Aliyewahi kubeba mzegazega ajua sababu. Mzigo wa ncha mbili ukianza kuzunguka begani, kuuzuia ni kazi. Mzigo ule ule ukifungwa karibu na shingo hausumbui. Mama wa Kiturkana afungaye punda wake kwa safari ya malisho alijua hilo zamani: hupanga uzito pande zote, huukaza karibu na mwili wa mnyama, naye hakwenda Bath.

Sasa nirudi kwa yule aliyeniambia tani tatu na nusu. Hakubuni. Vitabu vya Land Cruiser pikapu ya aina ya 79 vitolewavyo Australia vyaandika kilo 3,500. Lakini someni mstari wote. Kilo 3,500 ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Kwa trela isiyo na breki ni kilo 750 tu. Na ngapi kati ya trela zetu zina breki? Nyingi zilichomelewa chini ya mti na fundi hodari, kwa ekseli ya lori bovu na bomba za chuma, na breki hazikukumbukwa. Nyingine zilikuja na ile breki inayofanya kazi kwa shingo kusukumwa ndani trela inapomfuata dereva. Hiyo ni nzuri ikisafishwa na kutiwa grisi. Kwa vumbi letu, mwaka mmoja bila matunzo chuma chake hushikana, na trela huwa kama haikuwa na breki kamwe. Ipo kwa macho tu.

Chukueni trela ya tangi la maji, ambayo ni mkate wa wengi wetu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna haja ya mzani. Tangi la lita 2,000 ni kilo 2,000, ongeza chuma chake tuseme kilo 700, ni kilo 2,700. Hiyo ni nzito kuliko pikapu inayoivuta, na bila breki imezidi kipimo cha kitabu zaidi ya mara tatu. Dereva akipiga breki kwa ajili ya mbuzi, kilo 2,700 zaendelea na safari.

Tena maji hayakai. Tangi lililojaa pomoni lina uzito, lakini uzito wake umetulia. Tangi la nusu ni adui mwingine: kwenye kona maji yote hukimbilia upande mmoja, ukifunga breki hukimbilia mbele, ukiongeza mwendo hurudi nyuma na kuinua shingo. Tangi lisilo na vibambaza ndani, vile vikuta vya bati vyenye matundu vinavyoyazuia maji, halifai kuvutwa nusu kwenye lami. Lijazwe au limwagwe. Najua kumwaga maji Turkana ni neno zito, na sisemi watu wamwage. Nasema vibambaza vichomelewe. Lita 1,000 ndani ya trela nyepesi ya kilo 600, yenye breki, nyuma ya Land Cruiser, hiyo ni kazi ya kiasi na mtu aifanya akirudi nyumbani. Ikiwa kijiji chataka lita 2,000, yatakiwa lori, au safari mbili. Wakuu watasema lori lala mafuta. Kweli lala. Mafuta hayo yaingizwe katika hesabu ya maji, yasifichwe ndani ya mifupa ya dereva.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii, urefu wa kiungio. Pikapu zetu zimeongezewa springi kwa ajili ya laga na mawe, basi nyuma yake iko juu. Trela fupi ikifungwa hapo huinua pua kama ngamia, na uzito wake husogea nyuma. Shingo yatakiwa iwe sawa na ardhi, au ishuke kidogo mbele. Chuma cha kushusha kiungio fundi yeyote wa Lodwar aweza kukikata. Na motokaa yenye mkia mrefu nyuma ya ekseli, kama zile za kubebea wagonjwa, ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu trela hupata mkono mrefu wa kuisukuma.

Matairi nayo yahukumiwe. Jua la Lodwar, ambako mchana kufika nyuzi 35 ni jambo la kila siku, hulila tairi hata likiwa limesimama. Trela husimama miezi miwili ikiungua, kisha yaamriwa itoke alfajiri. Tazameni ubavuni mwa tairi, mna tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Nimeona trela yenye matairi ya miaka kumi na zaidi, kashata zake bado nzuri na ubavu umepasuka kama udongo wa laga. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Tairi laini hupinda ubavu, hupata moto, na huiongezea trela kuyumba.

Upepo wa nje nao ni mwenzetu wa kila siku. Upepo mkali wa mashariki wavuma Turkana karibu mwaka mzima, ndio huo ambao ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, wazungusha mitambo ya umeme. Ukielekea Kakuma hukupiga ubavu wa kulia kutoka nyuma, ukirudi Lodwar hukupiga kushoto kutoka mbele. Karavani ni ukuta. Karavani tupu ni ukuta mwepesi. Dereva aliyevumilia mzigo wakati wa kwenda hujidanganya kwamba kurudi tupu ni mchezo.

Na mwendo. Trela ikisukumwa huyumba mara moja mbili, na matairi huituliza. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo nguvu ya kuituliza inavyopungua, mpaka unafika mwendo ambao hakuna tena cha kuituliza, kila kuyumba kwazaa kuyumba kukubwa zaidi. Mwendo huo hauandikwi popote, kila jozi ya motokaa na trela ina wake, na dereva huujua siku anapoupita. Mimi nasema 60 kwa saa kwa trela yoyote kati ya Lodwar na Kakuma. Nguvu ya mwendo wa 90 si mara moja na nusu ya 60, ni mara mbili na robo. Trela ikianza kucheza mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kushindana nayo, usikanyage breki kwa hofu, wala usisikilize wale wasemao uongeze mafuta uinyooshe. Mimi nilikanyaga. Sasa nafundisha wengine.

Baada ya hayo yote nasema nini juu ya wakubwa? Nasema hivi: mwajiri ndiye anunuaye pikapu, ndiye aagizaye trela, na karani wake ndiye apangaye mzigo. Basi ndoa ya motokaa na trela ni yake, na lawama ya ndoa mbaya ni yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake jambo lolote ambalo kwa sababu ya haki aliona ni hatari kubwa, na hawezi kulazimishwa arudi kazini hapo mpaka hatari hiyo iondolewe, wala hafukuzwi kwa kuondoka penye hatari. Shingo ya kilo 25 ni sababu ya haki. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Mimi sikukosa kwa makusudi. Niliuliza, nikajibiwa tani tatu na nusu. Laiti siku ile ningaliandika swali langu kwenye karatasi nikabaki na nakala, fedha zile wangalizirudisha. Sikuandika. Taniboi naye alikuwa na haki yake chini ya Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya 2007, lakini aliambiwa yeye ni kibarua wa siku, akaondoka.

Kila nipitapo makutano ya Lokitaung nakumbuka kwamba Makhan Singh, na baada yake Fred Kubai aliyewaongoza wafanyakazi wa uchukuzi, walifungiwa huko Lokitaung na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Nasi twapita na trela mbovu, twaogopa hata kuuliza uzito wake.

Lakini haki iseme pande zote, na sisi tuna uchafu wetu. Wako wenzetu wanaochukua abiria ndani ya karavani kwa shilingi mia mbili tatu, na abiria hukaa nyuma kwa sababu mlango uko nyuma. Watu wanne waliokaa nyuma ni jenereta mbili. Wako wanaopakia makaa njiani na kuyarundika penye nafasi. Wako wanaojivunia kufika Kakuma kwa saa moja na robo. Mwanachama wa namna hiyo akija ofisini na karatasi ya makosa, tutamtetea kwa sheria inavyotaka, lakini asitegemee nimwandikie makala.

Tunachotaka kwa waajiri si kikubwa. Kila trela iandikwe ubavuni kwa rangi uzito wake mtupu na mwisho wa mzigo wake, na kila motokaa iwe na karatasi yenye kipimo cha kuvuta, cha trela yenye breki na cha isiyo na breki. Mzani wa ghala, ule wa kupimia magunia, uwekwe chini ya shingo kabla ya safari: funga magurudumu ya trela kwa mawe, simamisha kipande cha mti juu ya mzani, urefu wake sawa na kiungio, lalisha shingo juu yake, soma. Kwa trela ya kilo 1,500 gunia moja la mahindi la kilo 90 ndilo kipimo chema. Ikiwa mtu mmoja ainua shingo kwa mkono mmoja huku azungumza, safari hiyo isianze. Na neno la dereva kwamba mzigo usogezwe liwe neno la mwisho.

Ninaomba madereva wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aandike kwenye karatasi: aina ya motokaa yake, uzito wa trela tupu, mzigo wa kawaida, trela ina breki au haina, na uzito wa shingo akiweza kuupima. Jina si lazima. Karatasi apewe katibu wa tawi mkononi, isipitie kwa karani wa safari.

Dereva, tawi la Lodwar.